Majivu ya Bravo na Swali la Mgonjwa

Katika Visiwa vya Marshall, nchi ndogo ya Bahari ya Pasifiki, watu wengi huamini kwamba saratani ililetwa na mabomu. Mhudumu wa afya asiharakishe kuiita imani hiyo ujinga.

Kati ya mwaka 1946 na 1958, Marekani ililipua huko mabomu 67 ya nyuklia. Tarehe 1 Machi 1954, bomu lililoitwa Bravo liliangusha majivu yenye mionzi juu ya Rongelap. Watoto waliyachezea, na wakazi walihamishwa baada ya siku mbili hivi. Miaka ilipopita, wengi wa watoto hao waliota vinundu katika tezi ya thairoidi iliyo shingoni, kwa kuwa tezi hiyo hufyonza iodini, hata ile yenye mionzi. Mwaka 1957 wakazi walirudishwa kwao wakiambiwa kuwa ni salama. Mwaka 1985 walihama tena wakihofia mionzi iliyosalia.

Hata hivyo, ukweli huo ukifanywa jibu la kila saratani, huleta madhara mengine. Saratani ya mlango wa kizazi, inayowasumbua sana wanawake wa visiwa hivyo, husababishwa na virusi vya HPV. Saratani ya ini mara nyingi hutokana na homa ya ini aina ya B, na ile ya mapafu hutokana hasa na tumbaku. Dhidi ya hizi tunazo chanjo, uchunguzi wa mapema na kuacha sigara. Lakini mama anayeamini kwamba mabomu yamekwisha kuamua hatima yake, ataona sababu gani ya kwenda kupimwa?

Kwa maoni yangu, elimu ya afya haina budi kuanza kwa kukiri dhuluma. Mhudumu anayeanza kwa kuyakana mabomu, mgonjwa atamsikia kama wale waliosema kisiwa ni salama. Anayekiri kwanza, kisha akaeleza visababishi vingine, atasikilizwa.

Nawe mgonjwa, popote ulipo, usione haya kumweleza mhudumu unachodhani kimekuletea maradhi. Na wewe mhudumu, umuulize kabla hujamfundisha. Huenda jibu lake lina historia usiyoijua, na ndani ya historia hiyo mna mlango wa kumfikishia chanjo na kipimo.