Bibi harusi, ua huo usiuvunje

Mashoga zangu wa visiwani! Wiki iliyopita alikuja mwari mmoja kupimwa gauni la harusi dukani kwangu hapa Misigiri, njia panda ya kwenda Kiomboi. Kampa mchumba wake sharti: tembe la bibi yake livunjwe kabla ya ndoa, isimame nyumba ya bati na madirisha makubwa ya alumini. Kijana anahangaikia mkopo. Nikamuuliza, umewahi kuingia ndani ya hilo tembe? Hajaingia.

Mie naishi ndani ya tembe, la ukoo wa mume wangu. Najua mkisikia tembe mnafikiri kibanda. Kuta ni miti iliyosimikwa na kukandikwa udongo mnene. Juu kuna boriti, fito, majani, kisha udongo tena, paa bapa ambapo wanawake walianika mtama na mboga. Singida mvua ni chache, ndiyo maana paa hilo lilidumu. Unguja masika moja tu lingeyeyuka. Vyumba vinauzunguka ua, ng'ombe walilala humo, na mlango wa nje ni mmoja.

Si ndiyo nyumba za Mji Mkongwe hizo? Ukuta mnene, ua katikati, mgeni wa kiume anaishia barazani. Hata tembe la Kwihara karibu na Tabora, walikokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872 na sasa ni makumbusho, lina milango ya kuchonga kama ya kwetu.

Kero zipo, sifichi. Letu lilivuja, mchwa walikula boriti, na mume wangu alipiga kichwa mlangoni kila siku. Fundi akatushauri tubomoe lote. Hesabu yake ilitutoa jasho. Tukashusha udongo wa juu, tukaongeza tofali chache, tukapandisha mlango, tukaezeka bati. Ua tukauacha. Nashona pale kichwa wazi, kanga moja, wala hakuna jicho la mpita njia. Jirani yangu mwenye madirisha makubwa keshaniagiza mapazia mazito mara mbili. Kwangu ni biashara, alhamdulillah, lakini yeye anawasha taa saa sita mchana.

Kwa hiyo rai yangu ni hiyo: badilisheni paa, stara ya ua ibaki. Kwa nini uingie ndoani na deni la kuta wakati kuta zipo?

Yule mwari nilimpeleka kwangu akaone. Alisimama uani kimya, akauliza choo kiko wapi. Nikamwonesha, tumekijenga kona ya ndani. Kabla ya kuondoka akaniuliza tulinunua bati ngapi.