Jukwaa la Beşiktaş na Hofu ya Dola

Ipo kauli inayopendwa na watawala wa nchi nyingi: michezo na siasa visichanganywe. Historia ya Beşiktaş, klabu kongwe ya Istanbul, yaonyesha kwamba aghalabu anayeitoa kauli hiyo ndiye wa kwanza kuivunja.

Klabu hiyo ilizaliwa mwaka 1903 kama chama cha mazoezi ya viungo, zama za Sultan Abdülhamid II, mtawala aliyetilia shaka kila mkusanyiko wa vijana. Kandanda ilifuata mwaka 1911. Kundi lake mashuhuri la mashabiki, Çarşı, yaani Soko, lilianzishwa mwaka 1982 katika mitaa ya soko ya Beşiktaş. Miaka miwili kabla yake jeshi lilikuwa limepindua serikali, na vyama vya siasa vikavunjwa. Milango ya siasa inapofungwa, watu hukusanyika palipobaki wazi.

Mwaka 2013 wananchi walipoinuka kuitetea bustani ya Gezi, Çarşı walikuwa mstari wa mbele, bega kwa bega na mahasimu wao wa Galatasaray na Fenerbahçe. Baadhi yao walitwaa katapila na kulifukuza gari la polisi la kurusha maji. Silipambi tendo hilo. Sheria za kawaida zilitosha kulishughulikia. Lakini mwaka 2014 waendesha mashtaka waliwashtaki watu 35 kwa kosa la kujaribu kuipindua serikali, wakitaka wafungwe maisha. Mahakama iliwaachia huru Desemba 2015. Mwaka 2021 mahakama ya juu ya rufani ikaitengua hukumu hiyo. Mtu aliyekwisha kuachiwa huru alirudishiwa hofu ileile.

Mwaka huohuo wa 2014 ilianzishwa Passolig, kadi ya kielektroniki ambayo shabiki hakuweza kununua tiketi za ligi kuu bila kuwa nayo. Serikali ilisema inapambana na vurugu, na kweli vurugu zipo katika viwanja vya Uturuki. Hata hivyo, kadi yenye picha na namba ya kitambulisho cha taifa haimtambui mrusha mawe peke yake. Humtambua pia aliyepaza sauti.

Februari 26, 2023, siku ishirini baada ya tetemeko lililoua zaidi ya watu 50,000 nchini humo, mchezo wa Beşiktaş ulisimama dakika ya 4 na sekunde ya 17, kwa kuwa tetemeko lilipiga saa 10:17 alfajiri, ambayo Waturuki huiandika 04:17. Maelfu ya midoli ilirushwa uwanjani kwa ajili ya watoto walioathirika. Uwanja huohuo uliitaka serikali ijiuzulu. Devlet Bahçeli, mshirika wa Rais, alijitoa uanachama wa klabu na kutaka mechi zichezwe bila watazamaji. Alitaka raia wawe na huruma bila kuwa na hoja.

Jukwaa la mashabiki si bunge. Halitungi sheria, lina matusi na ubabe wake, na hutawanyika kipenga cha mwisho kikilia. Wanaharakati wasilifanye mbadala wa vyama, mahakama huru na magazeti. Lakini mtumishi wa umma anayeombwa kulinyamazisha ajiulize kwanza: hawa waliokuja uwanjani kulalamika, ni mlango gani mwingine waliachiwa? Mficha maradhi kifo humuumbua, na dola vilevile.