Majengo Peke Yake Hayauguzi

Mtu asafiriye leo kutoka Kahama kwenda Kakola, au kutoka Geita mjini kwenda Katoro na Nyarugusu, haendi mbali kabla ya kuona zahanati au kituo cha afya chenye bati linalong'aa. Hili ni jambo la kushukuru. Wazee wetu wa Usukumani wakumbuka siku ambazo mgonjwa alibebwa kwa machela au kwa baiskeli mwendo wa kutwa nzima ili afike Kolandoto au Sengerema. Serikali ilipoanzisha Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, wa mwaka 2007 hadi 2017, ilikusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Wananchi walichimba misingi, wakasomba mawe na mchanga. Migodi nayo imetoa fedha. Kuta zimesimama.

Lakini leo twapenda kuwauliza ndugu zetu wa Shinyanga na Geita swali moja: ndani ya kuta hizo yumo nani, naye analala wapi?

Geita ilifanywa kuwa mkoa mwaka 2012, na sensa ya mwaka huo ilihesabu humo watu wapatao milioni 1.7. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta karibu milioni 3. Hapana shaka sababu moja kubwa ya wingi huo ni dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, wa Bulyanhulu mwaka 2001. Kando ya migodi hiyo wapo wachimbaji wadogo, maelfu kwa maelfu. Dhahabu ikionekana porini, muda si muda pana kijiji: maturubai, mama lishe, makarasha, wanunuzi wa dhahabu, na watoto. Hakuna aliyepanga kuja kwao, wala hakuna muuguzi aliyeajiriwa kwa ajili yao. Wote huelekea zahanati ile ile iliyojengewa wakulima wa kijiji kimoja.

Sasa na tuitazame kazi yenyewe. Asubuhi muuguzi huanza na kliniki ya wajawazito na watoto: kupima, kuchanja, kuandika madaftari. Yupo mwenye kidonda, yupo mwenye malaria, yupo aliyekuja kuchukua dawa za kupunguza makali ya UKIMWI. Jioni mlango hufungwa, lakini kazi haijafungwa. Usiku mwanamke ashikwapo na uchungu, mlango unaogongwa ni wa muuguzi. Hujua kwamba damu ikizidi hana daktari wa kumwita chumba cha pili. Ana mikono yake, dawa zilizomo kabatini, na simu. Namba 115 ya mpango wa m-mama, uliojaribiwa kwanza huku huku kwetu, Sengerema na Shinyanga, kabla ya kuenezwa nchi nzima, imeokoa mama wengi kwa kuwatafutia gari la kuwafikisha hospitali kubwa. Hata hivyo gari haliji papo hapo. Dakika za kungoja ni za muuguzi na mgonjwa wake, wawili peke yao.

Na katika nchi ya machimbo kuna mengine yasiyojulikana kwingineko. Duara huporomoka, na majeruhi huletwa watano kwa pamoja juu ya pikipiki. Mwaka 2015 katika machimbo ya Nyangalata, wilaya ya Kahama, wanaume watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Dunia nzima ilisikia habari zao, na waokoaji walipewa sifa zao stahili. Ni wachache walioulizia ni nani aliyekesha kando ya vitanda vyao walipofikishwa hospitali.

Vumbi la mwamba nalo huingia mapafuni na kuufungulia mlango kifua kikuu. Moshi wa zebaki ichomwapo ili dhahabu ibaki hudhuru akili na mishipa ya mchomaji, ya mkewe na ya mtoto aliye mgongoni. Dawa za kifua kikuu humezwa kwa muda wa miezi sita, lakini mchimbaji akisikia kwamba dhahabu imeonekana Mbogwe, huondoka mwezi wa pili. Ni muuguzi anayepaswa kumtafuta. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake, baadhi ya watumishi wa miradi waliokuwa wakisaidia kazi za namna hii waliachishwa. Wagonjwa hawakuachishwa ugonjwa.

Tena iko hatari ya muuguzi mwenyewe. Homa ya Marburg ilipoingia mkoa wa Kagera mwaka 2023, miongoni mwa waliokufa alikuwamo mtumishi wa afya. Mwanzoni mwa mwaka 2025 homa hiyo ilirudi, safari hii Biharamulo, jirani kabisa na Geita, na wote 10 waliohesabiwa kuwa wagonjwa walifariki. Mpaka wa wilaya hauzuii homa. Siku zile kila muuguzi wa Chato na Geita aliyemgusa mgonjwa mwenye joto kali alijua ni nini huenda anakigusa.

Pamoja na hayo yote, walio wengi wangali kazini. Wanabaki kwa sababu kazi hii ina malipo yasiyoandikwa katika hati ya mshahara. Mtoto aliyezaliwa kimya, akapigwapigwa mgongoni na kusuguliwa hata akalia, baada ya miaka saba hupita mbele ya zahanati na daftari la shule mkononi. Mzee hushuka baiskeli njiani ili amsalimu sista. Hesabu za taifa nazo zinashuhudia: utafiti wa mwaka 2015 na 2016 ulikadiria vifo vya akina mama kwa sababu ya uzazi kuwa 556 katika kila vizazi hai 100,000, ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Magari, dawa na majengo yana sehemu yake katika ushindi huo. Sehemu kubwa ni ya mikono ya wakunga na wauguzi.

Lakini heshima haimlipii mtu kodi ya chumba. Ni kweli kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kilipandishwa Julai 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, na twaipongeza hatua hiyo. Hata hivyo, mahali penye dhahabu, bei hupangwa na dhahabu. Muuguzi hushindana na mnunuzi wa dhahabu kupanga chumba kimoja, akashindwa, akapanga mbali na zahanati; na usiku anapoitwa, hupita gizani peke yake juu ya pikipiki ya mtu asiyemjua.

Wafanyakazi wa migodi wataielewa hoja yetu upesi. Katika mgodi mkubwa zamu ikiisha, mtu hubadilishwa. Hakuna msimamizi athubutuye kumwacha mtu mmoja kwenye mtambo mchana na usiku, kwa kuwa mtambo una thamani kubwa na mtu aliyechoka atauharibu. Je, mama mzazi ana thamani ndogo kuliko mtambo?

Fedha zipo. Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inamtaka mwenye mgodi kuandaa kila mwaka mpango wa kuisaidia jamii, na kukubaliana juu yake na halmashauri. Juu ya hayo, halmashauri hupokea ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo. Kwa nini basi fedha hizo hupenda kugeuka kuta? Kwa sababu ukuta una utepe wa kukatwa na jiwe la kuandikwa jina la mgeni rasmi. Zamu ya usiku iliyopata mtu wa pili haina utepe.

Hatusemi majengo yasijengwe. Twasema kila jengo lihesabiwe pamoja na watu wake. Nyumba ya muuguzi ijengwe kando ya zahanati, si baada ya zahanati. Taa na maji vifike humo. Wapo vijana waliohitimu uuguzi wanaongoja ajira majumbani. Halmashauri yenye mapato ya dhahabu na iwachukue kwa mkataba wakati ajira za kudumu zikisubiriwa.

Kwa wauguzi wenyewe tuna neno moja la kindugu. Wapo wachache wanaomkaripia mama aliye katika uchungu, au wanaonyosha mkono kutaka kitu kidogo. Uchovu waweza kueleza ulimi mkali. Hauwezi kuuhalalisha, na rushwa haina udhuru wowote. Anayefanya hivyo huwavunjia heshima wenzake waliokesha. Nao wananchi wanaomtukana muuguzi kwa dawa ambayo hakuinyima yeye, wajue kwamba wanamfukuza mtu wao.

Wanachama mnaketi katika vikao, na wafanyakazi mna vyama vyenu. Mwaka huu diwani akisimama kutangaza kwamba zahanati ya kijiji imekwisha, msipige makofi kwanza. Muulizeni: wauguzi ni wangapi, na usiku wa leo watalala wapi? Akiwa na jibu, hapo pigeni makofi kwa nguvu.