Bunduki Mpya, Jicho Lile Lile

Wapenda bunduki za upepo wana desturi ambayo mtu asiyeujua mchezo huo huiona kuwa ni wazimu. Hununua bunduki, huipaka mafuta, huisifu barazani mwezi mzima, kisha huiuza kwa hasara ili wanunue nyingine. Na haupiti mwaka utawasikia wakiulizia ile ya kwanza. Sisi hatuwacheki. Ziko sababu zao za haki na ziko zisizo za haki, na katika kisiwa chetu cha Pemba yafaa tuzitenge.

Bunduki ya springi haitaki ila mkono wa kuikunja na kirisasi cha kutia. Walakini springi ikifyatuka huitikisa bunduki nzima kabla kirisasi hakijatoka katika mtutu, na aikamataye kwa nguvu hukosa shabaha, akailaumu bunduki. Basi huiuza, akatwaa ile ya hewa iliyoshindiliwa katika mtungi. Hiyo hutulia kweli kweli. Lakini sasa yamtaka pampu ya nguvu, na mpira mmoja ukikatika ndani hewa yote hutoka, naye abaki na gongo la thamani. Mtu anayerudia springi yake baada ya kuionja taabu hiyo hatumwiti kigeugeu. Wala hatumlaumu aliyechoshwa na uzito, au mzee ambaye macho yake yamtaka darubini. Na apendaye kulenga karatasi kwa mita 10, mchezo ulioingizwa katika Olimpiki mwaka 1984, hutumia kirisasi cha milimita 4.5, hana kazi na bunduki ya 5.5.

Tunayemwogopa ni yule ambaye kila akikosa hutafuta nguvu zaidi. Karafuu zimeuzwa, fedha zimo mkononi, watoto wangojea sare za skuli, naye ati bunduki ya mwaka jana haina makali! Kisha nguvu hiyo haitoshi kwa karatasi. Yatafuta kitu chenye damu.

Njia hiyo Pemba yaijua. Popo wetu wakubwa, ambao hawapatikani penginepo duniani, waliwindwa tangu zamani kwa njia za taabu. Ilipozoeleka bunduki ya marisau (hiyo si ya upepo, twajua, lakini tamaa ni moja), mwindaji alisimama chini ya mti waliolala mchana, na mlio mmoja ukaangusha kadhaa. Popo jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Hesabu hiyo haishindani na marisau. Mwaka 1995 walikadiriwa kuwa kiasi cha 5,000, na mwaka 1996 wakaandikwa miongoni mwa viumbe walio karibu kabisa kutoweka. Ndio hao wanaobeba mbegu za matunda ya msituni wakazitawanya, hata pasipopandwa na mkono wa mtu.

Waliogeuza jambo hilo hawakuwa watu wenye zana mpya. Walikuwa wanavijiji walioanzisha vikundi vya kuwalinda popo katika miti yao, na huko Kidike wageni wakaja kulipa ili wawatazame tu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2010 ulikadiria popo kati ya 18,000 na 22,000.

Kwa hiyo ndugu mwenye bunduki ya upepo, na hasa kijana aliyepata mshahara wake wa kwanza, twakuomba hivi. Kabla hujaiuza, tundika karatasi penye ukingo wa udongo nyuma yake, mbali na njia ya watu, ukapige viriasi mia kwa kuishika kwa ulegevu. Matundu yakikusanyika, bunduki haikuwa na kosa. Yakitawanyika bado, mpe rafiki mwenye mkono mzuri aipige mbele yako. Naye akikosa, iuze. Na unayemwuzia mwambie kasoro yake, tena umpeleke kwanza polisi akaulize masharti ya kuimiliki, kabla fedha hazijapita mkononi.