Sheria ya Pwani Ifundishwe Pwani: Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Kitivo cha Sheria

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo cha Sheria,
Chuo Kikuu cha Nairobi.

Mheshimiwa,

Naomba idhini nikuandikie hadharani, kwa kuwa haja iliyomo katika waraka huu ni ya wazazi wengi wa kisiwa hiki cha Mvita, ambao kila yatokapo matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne hukaa barazani na watoto wao, kuanzia Kibokoni hadi Kuze, wakishauriana juu ya masomo ya sheria, na kuulizana ni faida gani ataipata kijana katika tawi la kitivo chako lililopo hapa Mombasa.

Faida ya kwanza yajulikana, na kuinyamazia ni kukosa shukrani. Kabla ya mwaka 1961, mtoto wa Afrika Mashariki aliyetamani uwakili hakuwa na budi kusafiri ng'ambo. Mwaka huo kitivo cha sheria kikafunguliwa Dar es Salaam kwa wanafunzi wachache tu, na mwaka 1970 Nairobi nayo ikapata chake. Leo binti wa Likoni aweza kuvuka kivuko asubuhi, akahudhuria darasa la sheria, na jioni akala chakula cha mamake. Na kwa mzazi asiyekuwa na uwezo wa kumlipia mwanawe kodi ya chumba Nairobi, hiyo ndiyo tofauti baina ya kusoma na kutosoma.

Lakini safari ya uwakili haiishii kwenye shahada, na ni haki ya mwanafunzi mtarajiwa kuelezwa safari yote kabla hajaanza kuitembea. Aambiwe kwamba sheria inayosimamia mafunzo ya mawakili inataka wastani wa C+ na alama ya B katika Kiingereza au katika Kiswahili, ili kijana aliyeipata B yake katika Kiswahili asijidhulumu kwa kudhani mlango umefungwa. Aambiwe pia kwamba baada ya miaka minne ya shahada humngojea Chuo cha Sheria cha Kenya kule Karen, Nairobi, na mtihani wa Baraza la Elimu ya Sheria, na miezi sita ya uanagenzi chini ya wakili mzoefu, na kwamba kila hatua katika hizo ina gharama zake. Familia iliyojua mapema hujiandaa. Iliyojua kwa kuchelewa huuza kilicho chake kwa bei ya dhiki, au mtoto hubaki na shahada isiyomfikisha kortini.

Sasa nije kwenye kiini cha maneno yangu. Mji huu ulikuwa makao ya mahakama kabla Nairobi haijawa mji: mahakama ya Waingereza ya Afrika Mashariki iliwekwa hapa mwaka 1897, na jengo la mahakama ya zamani lingali limesimama karibu na Ngome ya Yesu, ngome ambayo yenyewe ilikuwa jela tangu mwaka 1895 hadi 1958. Na pwani hii ina mambo ya kisheria ambayo bara hayapatikani, au yapatikana kwa uchache.

Mchukulie mama mjane wa Majengo, ambaye mkononi ana karatasi ya kununulia nyumba na mfuko wa stakabadhi za kodi ya kiwanja, kwa maana nyumba ni yake lakini ardhi iliyo chini yake ni ya mtu mwingine. Vitabu vya sheria ya Kiingereza humfundisha mwanafunzi kwamba kilichojengwa juu ya ardhi ni cha mwenye ardhi. Ada ya Mombasa, tangu enzi za mababu, imetenganisha nyumba na kiwanja, na watu wamenunua, wamerithi na wameozeshana juu ya msingi huo. Siku mwenye ardhi atakapouza kiwanja, mama yule atahitaji wakili anayeijua kanuni ile na ada hii pia.

Na si nyumba peke yake. Katika barua walizoandikiana Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, mwezi wa Oktoba 1963, iliahidiwa kwamba mamlaka ya Makadhi yatahifadhiwa na hatimiliki za ardhi zilizokwisha kuandikishwa katika ukanda wa pwani zitatambuliwa. Ahadi ya Makadhi ingali hai katika kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010, kihusucho ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu baina ya Waislamu wanaokubali mahakama hiyo. Na hukumu ya Kadhi ikikatiwa rufaa, jaji wa Mahakama Kuu huketi pamoja na Kadhi Mkuu au Makadhi wawili kama washauri. Ongeza hapo mas'ala ya wakfu, na ya bandari na shehena zake, uone jinsi hazina ya elimu ilivyo kando ya madarasa yenu.

Kwa hiyo twakuomba mambo matatu. La kwanza, mirathi ya Kiislamu, wakfu, ardhi ya pwani na sheria ya bahari yapewe nafasi ya heshima katika tawi la Mombasa, na wanaoyajua, Makadhi wastaafu wakiwamo, waalikwe kuyasomesha. La pili, wanafunzi wazoezwe kutoa hoja kwa Kiswahili fasaha, kwa kuwa mahakama za chini zimeruhusiwa na sheria kutumia lugha hiyo kama Kiingereza, na mshtakiwa anayemfahamu wakili wake bila ya kungoja mkalimani amekwisha kupata sehemu ya haki yake. La tatu, pafunguliwe Mji wa Kale dawati la msaada wa sheria, ambapo wanafunzi, wakisimamiwa na walimu wao, watawasomea wazee hati zao na kuwaeleza maana yake kabla hawajatia sahihi.

Na kabla ya uteuzi ujao wa wanafunzi, tafadhali mtume mjumbe aje tumwandalie baraza, awaeleze wazazi na vijana, kwa Kiswahili, karo, masharti na masomo yatakayokuwapo. Vijana wetu wanayo akili na wanayo hamu. Wakijua wanachopewa, na wakipewa kinachowafaa, watarudi kuwatetea watu wao kwa elimu na uaminifu.

Wako kwa heshima,
Mzazi na mkaazi wa Mji wa Kale, Mombasa.