Kuta za Carcassonne: Heri Kutia Kiraka Kuliko Kubomoa

Kuna watu husema kwamba mji wa kale ukishakarabatiwa si wa kale tena. Eti ni wa bandia! Mimi sikubaliani nao hata kidogo, na shahidi wangu ni mji wa Carcassonne, kusini mwa Ufaransa.

Mji huu uko juu ya kilima karibu na mto Aude. Umezungukwa na kuta mbili, moja ndani ya nyingine, zenye minara 52. Sehemu za ukuta wa ndani zimesimama tangu enzi za Warumi. Yasimuliwa kuwa mfalme Charlemagne aliuzingira miaka mitano hadi chakula kikakaribia kwisha. Bibi mmoja, Carcas, akamlisha nguruwe ngano iliyobaki, akamtupa chini kutoka mnarani. Adui kuona tumbo la nguruwe limejaa ngano, akadhani mjini kuna shibe tele, akaenda zake! Hiyo bila shaka ni ngano ya kusimuliwa, si ya kuliwa. Lakini ya 1209 ni kweli tupu: majeshi ya msalaba yaliuteka mji, na mtawala wake kijana, Raymond-Roger Trencavel, akafia kifungoni mwaka uo huo.

Mwaka 1659 mpaka wa Ufaransa na Uhispania ulisogezwa mbali, ngome ikakosa kazi. Kuta zikachakaa, watu wakajichukulia mawe ya kujengea. Kufikia 1850 serikali yenyewe ilikuwa imeamua zibomolewe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawa hata ukuta hawakuutaka!

Ndipo Jean-Pierre Cros-Mayrevieille, mwenyeji wa mji, na mwandishi Prosper Mérimée walipokataa katakata. Serikali ikarudi nyuma, na kuanzia 1853 fundi Viollet-le-Duc akapewa kazi ya ukarabati.

Waama, alikosea. Minara mingine aliiezeka mapaa yaliyochongoka kama ya kaskazini, na watu wakamlaumu. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Paa lililokosewa linaweza kuezuliwa likaezekwa upya, na mengine yalirekebishwa baadaye. Je, ukuta uliobomolewa ungerudishwa na nani?

Leo mgeni huingia mjini bila malipo, akaona kanisa la Mtakatifu Nazarius na vioo vyake vya rangi. Hulipa tu akitaka kuona kasri na kupanda kutani. Tangu 1997 mji umo katika orodha ya UNESCO. Ila kasoro haikosi: ndani ya kuta maduka ya wageni ni mengi kuliko wenyeji, na hilo lanihuzunisha kuliko yale mapaa. Mji ni watu.

Hivyo basi, wenzangu, tusiwacheke wanaotia viraka. Tuwaulize wanaobomoa: mkishamaliza, wajukuu mtawaonyesha nini?