Dawa ya Bure Ina Mlipaji

Kila mwananchi wa Unguja na Pemba aliyetimiza miaka 30 anaikumbuka klorokwini: uchungu wake, mwasho wake, na mwishowe kushindwa kwake. Mwaka 2003 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilichukua hatua nzito. Iliiacha dawa hiyo, ambayo vimelea vya malaria vilikuwa vimekwisha kuizoea, ikachukua dawa mseto yenye artemisinini na kuitoa bila ya malipo katika vituo vyake vya afya, ijapokuwa gharama yake ilizidi ile ya zamani mara kumi au zaidi. Vikafuatia vyandarua vyenye dawa na upigaji dawa majumbani. Maradhi yaliyokuwa yakijaza wodi za watoto yakashuka, hata kwa miaka mingi vipimo vikawa vinaonyesha vimelea kwa watu wasiofika 1 katika kila 100.

Inafaa tujiulize dawa hiyo ilitoka wapi. Haikuzaliwa sokoni. Mwaka 1967 Serikali ya China iliwakusanya wataalamu wake kutafuta tiba ya malaria, kwa kuwa wapiganaji wa Vietnam ya Kaskazini walikuwa wakiangamia msituni. Bibi Tu Youyou na wenzake walipekua vitabu vya kale vya utabibu hata wakaipata artemisinini. Mwaka 2015 bibi huyo akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Kabla ya hapo, mwaka 2001, Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuafikiana na kampuni ya Novartis iziuzie serikali za nchi maskini dawa mseto bila ya faida. Kwa hiyo sera ndiyo iliyoizaa dawa, na sera ndiyo iliyoipangia bei.

Wako wasemao kwamba bei kubwa ndiyo mbolea ya uvumbuzi. Hoja hiyo haikosi ukweli, kwani utafiti hauendi bila ya fedha. Lakini malaria aghalabu ni maradhi ya wasio nacho, na bei kubwa haimvutii mvumbuzi pale ambapo mgonjwa hana kitu mfukoni. Hapo hapana budi fedha ya umma itangulie.

Lakini fedha ya umma wa nani? Sehemu kubwa ya gharama za vita vyetu hivi imebebwa na wafadhili. Mwaka 2025 Marekani ilipunguza mno misaada yake ya afya duniani, na kila ofisi iliyoitegemea ikatikisika. Visiwa hivi vinalijua somo hilo. Kampeni ya kutokomeza malaria iliposimamishwa mwaka 1968, maradhi yalirudi. Fauka ya hayo, vimelea vinavyoanza kuistahimili artemisinini vimekwisha kuonekana Rwanda, Uganda na mkoani Kagera. Siku ya kuhitaji dawa mpya, iliyo ghali zaidi, haiko mbali.

Ni wajibu wa wenye dhamana ya bajeti kuitengea malaria fungu letu wenyewe, lisilopunguzwa kwa sababu wagonjwa wamekuwa wachache. Ni wajibu wa wananchi nao kupima kabla ya kumeza, na kumaliza dozi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na katika jambo hili, wa kwanza kufa ni mtoto mchanga.